Kompyuta Ndogo ya Zahanati: Kuiwasha kwa Diski ya Nje Badala ya Kadi

Bukoba hupata takribani milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na nyingi ya mvua hizo hutoka ziwani zikiambatana na radi. Kwa miaka mingi Mkoa wa Kagera umetegemea umeme unaovuka mpaka kutoka Uganda na kupozwa katika kituo cha Kyaka, kisha kusafiri kwa nyaya ndefu zinazopita katikati ya migomba na mibuni. Tawi moja likiangukia waya, wodi na maabara huingia gizani. Jenereta au betri za sola huokoa friji ya chanjo na taa ya chumba cha kujifungulia. Kompyuta hukumbukwa mwisho, na ni haki iwe hivyo. Hata hivyo, umeme unaporudi, kompyuta ndogo iliyokuwa ikionyesha mafunzo ya unyonyeshaji katika chumba cha kusubiria aghalabu hubaki na kioo cheusi. Hukumu hutolewa papo hapo: imeungua. Hufungiwa kabatini, na wajawazito wanaosubiri vipimo hurudi kutazama ukuta.

Mara nyingi hukumu hiyo si sahihi. Bodi yenyewe ni nzima. Kilichokufa ni kadi ya kumbukumbu yenye ukubwa wa ukucha, ambayo ndiyo iliyobeba mfumo wote wa kompyuta. Makala haya yanaeleza jinsi kompyuta za aina hiyo, hasa za matoleo ya zamani, zinavyoweza kuwashwa kwa diski ya nje inayochomekwa katika tundu la USB, na ni wapi jambo hilo lina manufaa na wapi halina.

Kompyuta ya bodi moja ni kompyuta kamili iliyopangwa juu ya kipande kimoja cha bodi, mara nyingi chenye ukubwa unaokaribia kadi ya benki. Inayojulikana zaidi ni Raspberry Pi, iliyoanza kuuzwa nchini Uingereza tarehe 29 Februari 2012. Nchini Tanzania zimewahi kufanya kazi kubwa kuliko umbo lake: katika shule za sekondari wilayani Karatu, shirika la Powering Potential liliweka kompyuta hizo zikiendeshwa kwa nishati ya jua, pamoja na RACHEL, yaani maktaba ya masomo inayosomeka bila intaneti. Sababu ya kuzichagua ni nyepesi kuelewa. Bodi hiyo hutumia volti 5 na wati chache tu, hivyo paneli ya sola isiyoweza kubeba kompyuta ya mezani huibeba hii kutwa nzima.

Hoja hiyohiyo inafaa kwa zahanati ya Muleba iliyo mbali na barabara kuu, na zaidi kwa visiwa vya wilaya hiyo kama Bumbire, Ikuza na Goziba, ambako kila kifaa na kila fundi hufika kwa boti. Katika mazingira hayo kompyuta ndogo hufaa kwa kazi mbili. Ya kwanza ni maktaba: miongozo ya matibabu, video za elimu ya afya na kamusi elezo, ambavyo mhudumu huvisoma kwa simu yake kupitia mtandao mdogo usiotoka nje ya jengo. Ya pili ni kunakili jotoridi la friji ya chanjo, ambalo linapaswa kubaki kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Ieleweke kwamba kompyuta hii haichukui nafasi ya kipimajoto kilichoidhinishwa wala ya fomu ya asubuhi na jioni. Ni jicho la ziada tu. Lakini ni jicho linaloandika kila dakika, na ndilo linaloua kadi haraka.

Kwa nini kadi hufa

Kadi ya kumbukumbu haiandiki kama kalamu juu ya daftari, ambapo neno moja hufutwa na jingine kuwekwa mahali pake. Ili kubadili herufi chache, kadi hulazimika kufuta fungu kubwa la data na kuliandika upya, na kila fungu huvumilia idadi yenye kikomo ya kufutwa. Ndani ya kadi mna kidhibiti kidogo kinachohamisha data huku na huko ili mafungu yachakae kwa usawa, nacho hutunza jedwali linaloonyesha nini kiko wapi. Umeme ukikatika wakati jedwali hilo linaandikwa, hasara haiishii kwenye faili moja. Data iliyoandikwa miezi mingi nyuma, isiyohusika kabisa na kazi ya wakati huo, yaweza kupotea pamoja nayo. Mfumo wa Linux una njia ya kurekebisha faili zilizokatizwa katikati ya kuandikwa, lakini njia hiyo haiwezi kuponya jedwali lililoharibika ndani ya kadi yenyewe.

Juu ya hayo kuna kadi bandia. Kadi iliyochapwa gigabaiti 64 yaweza kuwa na gigabaiti 8 tu ndani. Hupokea data zote bila kulalamika, kisha hupoteza kila kinachozidi uwezo wake. Programu iitwayo F3 huujaza uwezo unaodaiwa na kuusoma tena, hivyo hufichua udanganyifu huo. Ni busara kila kadi mpya ipite hapo kwanza, hata ikiwa imenunuliwa duka zuri.

Je, fleshi ya kawaida ni afadhali? La hasha. Fleshi nyingi za bei nafuu zina maumbile yaleyale na ugonjwa uleule, na kuhama kutoka kadi kwenda fleshi ni kumhamisha mgonjwa kitanda bila kumtibu. Kinachofaa ni diski ya SSD iliyo ndani ya kasha la USB. Kidhibiti chake ni bora zaidi, ina mafungu mengi ya akiba, na huhimili maandishi mengi zaidi. Haina kinga kamili dhidi ya umeme kukatika, na nyingi za bei ya chini hazina kapasita za kumalizia kazi taa zinapozimika, lakini kwa maandishi ya kila dakika tofauti yake na kadi ni kubwa.

Hapa lazima jambo moja lisemwe kabla ya fundi kwenda dukani. Kompyuta inayoonyesha video tu, isiyoandika chochote cha kuhifadhiwa, haihitaji diski ya nje. Katika Raspberry Pi OS, programu ya raspi-config ina chaguo la kuifanya kadi isomwe tu bila kuandikwa. Maandishi yote ya muda huwekwa katika kumbukumbu ya bodi na kusahaulika inapozimwa. Kadi iliyofungwa namna hiyo huvumilia kukatika kwa umeme vizuri mno, na hakuna gharama. Diski ni kwa maktaba kubwa inayoongezwa mara kwa mara na kwa kazi zinazoandika mfululizo.

Jinsi bodi inavyoamka

Anayetaka kuiwasha Raspberry Pi ya zamani kwa diski hana budi kuelewa kwanza inavyoamka, kwa sababu haina menyu ya kuchagua diski kama ilivyo kwa kompyuta ya mezani. Umeme ukiingia, prosesa kuu haiamki kwanza. Huamka sehemu ya michoro. Sehemu hiyo husoma maelekezo mafupi yaliyochomwa kiwandani ndani ya chipu, ambayo hayabadiliki. Maelekezo hayo huitaka itafute faili iitwayo bootcode.bin. Faili hiyo huiandaa kumbukumbu ya bodi na kuita nyingine, start.elf, ambayo husoma mipangilio iliyo katika config.txt, hupakia kiini cha Linux, na ndipo prosesa kuu hupewa kazi. Mwisho kabisa, faili ya cmdline.txt hukiambia kiini mfumo uliobaki uko sehemu ipi.

Kila kitu kinategemea hatua ya kwanza: chipu inajua kutafuta bootcode.bin wapi? Chipu ya bodi za mwanzo za mwaka 2012 haikufundishwa kutafuta katika diski ya USB. Fundi anaweza kuchomeka diski nzuri kuliko zote na kungoja hadi magharibi, bodi haitaiangalia. Diski haina kosa, na hakuna programu inayoweza kuongeza elimu hiyo ndani ya chipu. Hivyo swali la kwanza si diski gani inunuliwe bali bodi ni toleo gani, nalo limechapwa juu ya bodi yenyewe kwa herufi ndogo.

Raspberry Pi 1, Zero ya kwanza, na Pi 2 iliyoandikwa V1.1 ndizo ambazo haziwezi kuamka kwa diski peke yake. Dawa yake ni kuziachia kadi kwa kazi moja tu. Kadi yoyote ndogo hupangwa kwa mfumo wa FAT32, na ndani yake huwekwa bootcode.bin pekee. Mfumo kamili huandikwa kwenye diski kwa programu ya Raspberry Pi Imager, kama ambavyo ungeandikwa kwenye kadi. Bodi husoma faili hiyo moja, na faili hiyo, tofauti na chipu, inajua kusoma USB. Diski ikichelewa kuamka, faili tupu iitwayo timeout ikiwekwa kwenye kadi huongeza muda wa kungoja. Baada ya hapo kadi haiandikwi tena, na kadi isiyoandikwa haichakai kwa njia iliyoelezwa hapo juu.

Kuna njia ya pili, ya zamani zaidi, inayofanya kazi hata kwa bodi za kampuni nyingine mradi zinatumia Linux: sehemu ya kuamshia hubaki kwenye kadi, na mfumo mkuu huhamishiwa kwenye diski. Anayeichagua hutafuta kitambulisho cha sehemu ya diski kwa amri ya blkid, hukiandika katika cmdline.txt baada ya maneno root=PARTUUID=, kisha hurekebisha faili ya /etc/fstab ilingane. Mtego wake haujitokezi siku ya kwanza. Mfumo ulionakiliwa kwenye diski huwa na sehemu yake ya kuamshia pia. Ikiwa fstab inaelekeza huko badala ya kwenye kadi, masasisho ya kiini yataandikwa mahali ambapo bodi haisomi. Kompyuta itaendelea kuamka na kiini cha zamani ilhali vipande vingine ni vipya, na siku moja mtandao au kihisi cha jotoridi kitaacha kufanya kazi bila sababu inayoonekana. Katika matoleo ya mfumo tangu mwaka 2023 sehemu hiyo huunganishwa katika /boot/firmware, si /boot kama zamani, na maelekezo mengi ya miaka ya nyuma hayakulijua hilo.

Pi 2 iliyoandikwa V1.2 na Pi 3 Model B zina chipu mpya zaidi inayoijua USB, lakini elimu hiyo imefungwa. Hufunguliwa kwa kuongeza mstari program_usb_boot_mode=1 mwishoni mwa config.txt na kuiwasha bodi mara moja kwa kadi. Kitendo hicho huchoma alama ndani ya chipu isiyofutika maisha yake yote. Hakuna madhara, kwa kuwa kadi huendelea kutazamwa kwanza ikiwepo. Uthibitisho hupatikana kwa amri ya vcgencmd otp_dump: mstari wa 17 ukionyesha 3020000a, alama imekubali. Kisha mstari ule uondolewe ili kadi hiyo ikitumika katika bodi nyingine isiichome nayo bila kukusudia. Pi 3 Model B hungoja diski kwa muda mfupi, na diski nyingine ni nzito kuamka. Ikishindikana, ile kadi yenye bootcode.bin pekee huisaidia nayo pia. Pi 3 Model B+ imefunguliwa tangu kiwandani.

Pi 4, iliyotoka mwaka 2019, si mzee sana, lakini zile za mwanzo hazikuweza kuamka kwa USB hadi programu yake ya kuamshia iliposasishwa mwaka 2020. Zilizokaa kabatini tangu hapo zinahitaji kuwashwa kwa kadi na kusasishwa kwa amri ya rpi-eeprom-update. Diski ikikataa katika matundu ya bluu, ijaribiwe katika meusi kabla ya kulaumiwa.

Umeme wa diski

Hitilafu nyingi ambazo huonekana kama za diski yamkini ni za umeme. Bodi za mwanzo za 2012 zilikuwa na fyuzi ndogo ya miliampia 140 katika kila tundu la USB, kiasi kinachotosha kipanya na kibodi tu. Pi 1 Model B+ na Pi 2 hutoa miliampia 600 kwa matundu yote, na hufika 1,200 mstari wa max_usb_current=1 ukiwekwa katika config.txt. Diski ya zamani yenye sahani inayozunguka huweza kudai karibu ampia nzima inapoanza, nayo huidhoofisha bodi wakati uleule inapojaribu kuisoma. SSD hudai kidogo zaidi, lakini si zote.

Chaja ya simu ndiyo inayokosewa zaidi. Pi 3 inahitaji volti 5.1 na ampia 2.5, chaja ya ampia 1 huiwasha, huipa imani fundi, kisha humwangusha diski inapoanza kuandika. Waya mwembamba na mrefu hufanya vivyo hivyo hata chaja ikiwa nzuri. Kuanzia Model B+, bodi huonya volti ikishuka chini ya takribani 4.63: alama ya radi hutokea pembeni mwa kioo. Pasipo kioo, amri ya vcgencmd get_throttled hutoa jibu. 0x0 ni salama. Jibu lingine lolote lichukuliwe kama homa, yaani litafutiwe chanzo kabla ya kuendelea.

Habu ya USB yenye chaja yake ni suluhisho kwa bodi za zamani, kwa sharti kwamba habu na bodi zipate umeme kutoka chanzo kimoja. Habu ikiwa kwenye umeme wa kawaida na bodi kwenye betri ya sola, umeme ukikatika bodi hubaki macho huku diski ikizimika mikononi mwake. Hilo ni baya kuliko zote kuzimika pamoja. Kwa sola, betri ya volti 12 ihudumie kigeuzi cha volti 5 chenye ampia za kutosha. Matundu ya USB yaliyo kwenye vidhibiti vya sola mara nyingi yametengenezwa kwa simu.

Saa isiyojua muda

Raspberry Pi ya kwanza hadi ya nne hazina betri ya saa. Zikizimika, mfumo huhifadhi muda wa mwisho na kuanza tena kutoka hapo, hadi intaneti iurekebishe. Pasipo intaneti, umeme uliokatika saa sita huiacha kompyuta saa sita nyuma, na haitasema. Kwa video si kitu. Kwa rekodi ya friji ya chanjo ni jambo zito, maana uamuzi wa kutumia au kutupa chanjo unategemea jotoridi lilipita nyuzi 8 lini na kwa muda gani. Wahudumu wa Kagera hawahitaji kufundishwa uzito wa tarehe: katika mlipuko wa Marburg uliotangazwa Bukoba Vijijini tarehe 21 Machi 2023, ulioua watu 6 kati ya wagonjwa 9, kila aliyegusana na mgonjwa alihesabiwa siku 21, na mwisho wa mlipuko ulitangazwa tarehe 2 Juni baada ya siku 42 kuhesabiwa. Moduli ya saa ya DS3231 yenye betri ya kidonge huchomekwa kwenye pini za bodi, hutambulishwa kwa mstari dtoverlay=i2c-rtc,ds3231, na tatizo huisha. Kompyuta inayonakili jotoridi isiwekwe kazini bila hiyo.

Majina ya wagonjwa yasikae humo

Diski ya nje huingia mfukoni. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waliripotiwa mwaka 1983 katika Hospitali ya Ndolage, wilayani Muleba, enzi ambazo mitaani ugonjwa uliitwa Juliana; familia nyingi za mkoa huu zinajua gharama ya jina kunong'onwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaiweka afya ya mtu miongoni mwa taarifa nyeti. Mgonjwa ana haki ya kuuliza jina lake limehifadhiwa wapi, na mhudumu awe na jibu.

Diski yaweza kusimbwa ili isisomeke bila nenosiri, lakini mtu huhitajika kuliandika kila umeme unaporudi, hata saa nane za usiku. Nenosiri likihifadhiwa ndani ya kompyuta hiyohiyo ili ijiwashe yenyewe, mwizi huondoka na kufuli pamoja na ufunguo. Bodi hizi za zamani pia hazina uwezo wa ndani wa kusimba haraka. Kwa hiyo kisanduku hiki kibebe maktaba na jotoridi, na taarifa za wagonjwa zibaki katika mifumo rasmi na rejista za MTUHA.

Kabla kompyuta haijapandishwa boti kwenda Bumbire, ijaribiwe mezani kwa ukatili uleule unaoingoja. Iachwe ikiandika, kisha waya uchomolewe ghafla. Irudishiwe umeme, na ihesabiwe kama imeamka yenyewe na saa yake ni sahihi. Hilo lifanyike mara kumi. Ikishindwa hata mara moja, ianzwe kuchunguzwa chaja na waya kabla ya diski. Kisha waya wa diski ufungwe usilegee kwa mawimbi, kadi ya pili iliyonakiliwa iwekwe ndani ya bahasha na kubandikwa chini ya kasha, na juu yake yaandikwe kwa Kiswahili toleo la bodi, tundu la diski na namba ya fundi, ili muuguzi wa zamu ya usiku aweze kubadili kadi bila kumsubiri mtu kutoka Bukoba.